Ramadhani, Siku ya 20: Maji Mekundu ya Nyumba Iliyofungwa

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu, wazee wangu, mama zangu na vijana wetu, hongereni kwa kufika siku ya ishirini. Leo jua likizama tunaingia kumi la mwisho. Mwenyezi Mungu atujaalie tuliingie tukiwa na afya na nia njema, na asituhesabu miongoni mwa waliochoka njiani.

Jana baada ya tarawehe ndugu yetu mmoja, msomaji wa tafakuri hizi, alinitumia picha ya ndoo. Ndani yake maji mekundu, ukiyatazama haraka utasema ni chai ya rangi. Ametangulia kijijini kuifungua nyumba ya familia ili wenzake wakifika kwa ajili ya Idi wakute pako sawa. Nyumba haijakaliwa tangu Idi ya mwaka jana. Kafungua koki, imekohoa, imetema upepo, halafu yakaja hayo. Swali lake fupi: "Sheikh, haya nitawadhe nayo, au nitayamamu?"

Nilimjibu usiku uleule. Lakini najua wiki ijayo wengi wenu mtapanda mabasi kuelekea makwenu, na nyumba zitakazofunguliwa ni nyingi. Basi leo tuzungumze jambo hili, kwanza hukumu yake, kisha kazi yenyewe, kisha lile lililonikosesha usingizi baada ya kuiona ile ndoo.

*Kwanza, hukumu yake*

Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, maji yaliyobadilika kwa sababu ya kukaa muda mrefu bado ni maji twahara, na yanatwahirisha. Vilevile yaliyobadilika kwa udongo, kwa ukoga, au kwa kitu kilichomo mahali yanapokaa na mahali yanapopita. Kutu ya bomba la chuma ni katika hayo ya mapitio. Kwa hiyo udhu wako unasihi, na kuoga janaba kunasihi. Kutayamamu hapo hakuna nafasi, kwa sababu maji unayo. Rangi imekuchukiza tu.

Lakini tofautisha kutu na najisi. Panda juu ukaliangalie tanki kabla ya kulijaza. Ukikuta mende, sisimizi au nzi wamekufa humo, hao si tatizo kwa twahara, kwa kuwa hawana damu inayotiririka. Ukikuta panya au ndege amekufa, hapo pana hukumu. Maji yakiwa chini ya kullatain, najisi ikiyagusa tu yamenajisika, hata kama rangi haikubadilika. Yakifika kullatain na kuzidi, hayanajisiki mpaka ibadilike rangi, ladha au harufu. Makadirio ya kullatain kwa vipimo vya leo yanatofautiana, na linalotajwa sana ni karibu na lita 216.

Angalieni hapa, maana watu wengi wanakosea. Mtu anasema, "Tanki langu ni la lita elfu moja, hayo maji ni mengi." Ndugu yangu, tanki ni la lita elfu moja, lakini ndani uliacha maji gani? Nyumba iliyofungwa miezi kumi, kwenye simtanki mara nyingi hubaki yale ya chini kabisa, ndoo mbili tatu. Hayo ni machache. Yamwage yote, lisugue tanki, lisuuze vizuri, ndipo ulijaze upya. Na kwa ajili ya afya fanya hivyo hata kama hukukuta kitu, kwani maji yaliyolala muda mrefu huota vijidudu, na ile klorini iliyotiwa hupungua nguvu. Ya kunywa yachemshe.

Jambo jingine dogo la mwezi huu. Mwenye saumu asivute mpira wa maji kwa mdomo ili kuyahamisha kutoka kwenye tanki. Yakikupita kooni, kwa madhehebu yetu siku hiyo utailipa, kwa sababu kuvuta huko si jambo uliloamrishwa kama kusukutua kwenye udhu. Ujaze mpira maji kwanza, au ngoja baada ya futari.

*Pili, namna ya kuifungua*

Baba yangu, Allah amrehemu, hakuwa fundi bomba lakini alikuwa na utaratibu wake, na mpaka leo mafundi wananiambia ni sahihi.

Funga koki zote za ndani. Acha wazi moja tu, ile ya nje iliyo karibu na mita. Kisha nenda kwenye koki kubwa uifungue taratibu, robo tu, ungojee. Mabomba yamejaa upepo. Ukifungua yote kwa mkupuo, maji yanakuja kwa kasi yanaugonga ule upepo na viungio, na viungio vyenyewe ni vya zamani, washa za mpira zimekauka. Utasikia kishindo ukutani, na ukuta utaanza kulowa. Yaache maji yatoke polepole mpaka koki iache kukohoa na rangi itakate. Ndipo uingie ndani, koki moja baada ya nyingine. Vichujio na shawa vifungue kwanza, maana kutu yote itakwenda kukwama humo.

Yale mekundu usiyamwage ovyo. Yakinge kwenye ndoo, mwagilia mgomba, osha baraza. Tumekatazwa israfu, na Ramadhani haikuja kuifuta hukumu hiyo.

Mwisho kabisa, funga koki zote za nyumba, urudi kwenye mita uitazame. Kile kigurudumu kidogo kikiwa kimetulia, alhamdulillah. Kikiwa kinazunguka na hakuna koki hata moja iliyo wazi, jua kuna mahali panavuja. Hujapaona, lakini pako, na bili inaandikwa.

*Tatu, ile ndoo na sisi*

Sasa nirudi kwenye picha. Niliiangalia nikakumbuka Suratul Hadid, aya ya 16 na ya 17. Mwenyezi Mungu anawauliza walioamini kama bado haujafika wakati wa nyoyo zao kunyenyekea kwa kumkumbuka Yeye, na anawaonya wasiwe kama waliopewa Kitabu kabla yao: muda ukawa mrefu juu yao, nyoyo zao zikawa ngumu. Aya haikutaja hapo dhambi moja kubwa iliyozifanya ziwe ngumu. Imetaja muda. Kukaa tu, kama bomba linavyokaa. Na aya inayofuata mara moja inatutaka tujue kwamba Yeye huihuisha ardhi baada ya kufa kwake.

Kuna mtu humu ananisoma, mwaka huu kaamua kurudi. Kafungua Msahafu ambao hajaugusa tangu Ramadhani iliyopita. Alitegemea utamu, akapata ulimi mzito na usingizi. Kasimama tarawehe, akili yote iko dukani. Kainua mikono kuomba, hakuna chozi, zimekuja hasira za zamani na madhambi aliyodhani ameyasahau. Akasema moyoni, "Mimi siyo mtu wa mambo haya. Bora niache, kuliko kusimama mbele ya Mola wangu na uchafu huu."

Ndugu yangu, hayo ni maji mekundu. Hayakuanza leo ulipofungua koki. Yalikuwemo siku zote ulipokuwa umefunga, ila ulikuwa huyaoni. Mtu mjinga akiona maji mekundu huifunga koki, na akiifunga atayakuta palepale mwakani, yamezidi. Mwenye akili huyaacha yatiririke. Na umesikia hukumu: hata yakiwa na rangi ile, udhu wake unasihi. Swala yako nzito ya usiku huu, ya mtu anayepiga miayo na kujilazimisha, usiidharau. Isimamishe. Mtume (s.a.w.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, alizifananisha swala tano na mto ulio mlangoni kwa mtu, anaoga humo mara tano kwa siku, na akawauliza maswahaba kama mtu huyo atabakiwa na uchafu wowote. Uchafu unaondoka kwa kuoga tena na tena. Kuogopa maji hakujawahi kumsafisha mtu.

*Kufuli langu*

Hapa naomba niseme jambo langu mwenyewe, maana si vizuri imamu kuwasemea watu tu.

Nyumba ya marehemu baba iko kijijini, upande wa Pangani. Ndugu tumetawanyika, kila mtu na mji wake, na nyumba tunaifungua Ramadhani na Idi. Baba alipokuwa hai, jirani yetu, mama mtu mzima ambaye sisi wote tunamwita shangazi, alikuwa akiteka maji kwenye koki yetu ya nje. Dumu mbili asubuhi, dumu mbili jioni. Hakulipa na baba hakumdai.

Baba alipofariki, mimi ndiye niliyekabidhiwa funguo. Mwaka wa kwanza tulipomaliza Idi tukiwa tunaondoka, nikafikiria bili. Nikasema nyumba haina mtu, bili ya nini? Nikafunga koki kubwa, na ile ya nje nikaitia kufuli. Shangazi alikuwa amekaa barazani kwake, akaniona ninavyoifunga. Nikamuaga kwa adabu zote, akaniombea safari njema.

Ramadhani iliyofuata tulifika karibu na magharibi, na watoto, na saumu midomoni. Nikafungua koki. Upepo, kisha matope mekundu, kisha hakuna kitu kabisa, bomba limeziba. Watu kumi na moja ndani ya nyumba, adhana imekaribia, hatuna hata maji ya kusukutua. Basi nikasikia hodi. Mjukuu wa shangazi kasimama na ndoo kichwani, na nyuma yake shangazi mwenyewe na kitata. Akaniambia, "Mwanangu, anzieni haya. Mabomba yaliyolala hayaaminiki."

Maji hayo yalitoka kisimani. Kisima kiko mbali, ng'ambo ya shamba la minazi, na mwaka mzima ndiko alikokuwa akiyafuata, kwa sababu yangu. Kuhusu kufuli hakusema neno.

Usiku ule niliswalisha pale msikiti wa kijijini, na katika rakaa moja nikasoma Suratul Maun, sura tunayoisoma kila siku kwa kuwa ni fupi. Ina ole kwa wanaoswali, walioghafilika na swala zao, wanaojionyesha na wanaozuia maun. Mimi ndiye ninayewafundisha watoto madrasa kwamba Ibn Mas'ud, radhi za Allah zimwendee, alipoulizwa hiyo maun ni nini, alitaja vitu ambavyo watu huazimana: ndoo, chungu, shoka. Nimeifundisha miaka mingi. Na jioni ileile nimefuturu kwa ndoo ya mtu niliyemtilia kufuli. Sikuweza kuimaliza sura kwa sauti iliyotulia. Watu wakadhani ni unyenyekevu. Haikuwa unyenyekevu, ndugu zangu. Ilikuwa aibu.

Asubuhi nilikwenda kumuomba radhi. Akanijibu, "Kisima kipo, mwanangu, tumezoea." Nikamwambia hapana shangazi, nimekosa. Akanishika mkono, akaniambia amenisamehe tangu siku ileile. Kufuli nikalitoa. Bili tunachangia ndugu wote, na wallahi ikigawanywa ni pesa ambayo mtu haioni ikitoka.

Sasa sikilizeni jambo ambalo nimelishuhudia kwa macho kila mwaka tangu hapo. Ile koki ya nje, anayoitumia shangazi asubuhi na jioni, haijawahi tena kutoa maji mekundu. Ukifika tu, unakinga, unakunywa. Mabomba ya ndani, yale yanayotungoja sisi wenyewe, kila mwaka yanatoa kutu na kila mwaka tunakesha kuyasafisha. Nyumba moja, maji ni yaleyale, chuma ni kilekile. Tofauti ni kwamba moja linapitisha maji kwa mwenzako kila siku, na jingine limefungwa likusubiri wewe.

Ndipo nikaielewa hadithi ya bibi Aisha, radhi za Allah zimwendee, waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba amali anayoipenda zaidi Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu hata ikiwa ndogo. Dumu mbili asubuhi, dumu mbili jioni. Ni kidogo, lakini ndicho kinacholiweka bomba safi. Wengi wetu tunataka tufungue kila kitu usiku wa 27, mpaka ukuta utikisike, kisha Idi mosi tufunge na kufuli juu. Hatutaki koki moja ndogo iliyo wazi mwaka mzima.

*Na ile mita*

Tumebakiwa na siku tisa au kumi. Kabla hujaanza kuongeza rakaa, nenda kwenye mita yako. Mchana umefunga: chakula umefunga, maji umefunga, mke umejizuia. Koki zote zimefungwa. Je, kigurudumu kimetulia? Au kuna kundi la simu ambamo unamsema shemeji yako baada ya kila futari? Kuna mshahara wa dada wa kazi ambao hujaulipa miezi miwili? Kuna kiwanja cha mayatima ambacho mpaka wake uliusogeza? Mtume (s.a.w.) amewaeleza maswahaba zake, katika hadithi aliyoipokea Muslim, kuhusu muflisi wa umma huu: mtu anayekuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, lakini alimtukana huyu, akala mali ya yule, akampiga mwingine. Thawabu zake zinagawiwa kwa wenye haki zao mpaka zinamwishia, kisha anaanza kubebeshwa madhambi yao. Tanki lilijaa kweli. Lilivuja lote.

Ndugu yangu, ziba kwanza panapovuja. Rakaa ishirini kwenye tanki linalovuja ni kujichosha.

*Kazi ya leo*

1. Jioni hii, kabla ya adhana, chagua koki moja tu utakayoiacha wazi baada ya Idi. Kurasa mbili za Msahafu kwa siku, au rakaa mbili za usiku, au shilingi kidogo kila Ijumaa kwa mtu maalumu. Ndogo, lakini isifungwe.

2. Tafuta kufuli lako. Kila mmoja ana mtu aliyemnyima kitu kisichomgharimu. Mpigie simu leo, usingoje ujumbe wa Idi wa kutumia watu wote.

3. Unayekwenda kufungua nyumba ya wazee, kabla ya kukabidhi funguo na kuondoka, uliza majirani wanateka wapi maji. Saad bin Ubada alipofiwa na mama yake alimuuliza Mtume (s.a.w.) sadaka ipi ni bora, akaambiwa maji, na Saad akachimba kisima kwa ajili ya mama yake. Wengi wetu hatuna uwezo wa kuchimba kisima. Lakini koki ya nje ya nyumba ya baba au mama yako inatosha kuwa sadaka yake, na yeye sasa anaihitaji kuliko wewe unavyohitaji hiyo pesa ya bili.

Na wewe ndugu uliyenitumia picha ya ndoo: umesema asubuhi hii maji yametakata. Alhamdulillah. Muombee na shangazi yetu, bado yu hai. Juzi nilimpigia kumuuliza hali, akanijibu koki inatoa vizuri, na ananiuliza mwaka huu tunafika lini.

Ewe Mola wetu, zihuishe nyoyo zetu kama unavyoihuisha ardhi baada ya kufa. Usitufanye miongoni mwa waliorefushiwa muda wakawa wagumu. Warehemu wazazi wetu waliotuachia nyumba, na utujaalie tuziache wazi kwa kheri. Utukutanishe na Laylatul Qadri tukiwa tumesamehe na tumesamehewa. Amin.

Maswali nitumieni, inshallah nitayajibu baada ya tarawehe. Darsa ya leo ni palepale, baada ya Alasiri, na wanaonuia itikafu waje na majina yao kabla ya magharibi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.